Maneno Madogo ya Kiingereza Yanayotushinda



Watu wengi husadiki ya kuwa mwanafunzi wa sekondari hushindwa na Kiingereza kwa sababu ya maneno marefu. Mimi nasema sivyo. Neno refu kama "photosynthesis" hututisha siku ya kwanza tu. Mwalimu huliandika ubaoni, hulieleza, nasi tukalitamka pamoja, na tangu siku hiyo lina maana moja mpaka tumalize shule. Yanayotushinda hasa ni maneno mafupi tuliyoyajua tangu shule ya msingi, kama "give", "take", "put", "break" na "carry", pale yanapofuatwa na vijineno vifupi zaidi kama "up", "off", "out", "down" na "in". Kila neno peke yake twalijua. Yakiungana mawili, twabaki kama mgeni aliyeshushwa Mbagala Rangi Tatu usiku: taa anaziona, njia haioni.

Waingereza huyaita maneno hayo "phrasal verbs". Jina hilo lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925 juu ya maneno na misemo, naye alisema alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Katika makala haya nitayaita vitenzi vyenye mkia, maana kitenzi hutangulia na mkia hufuata. Shauri langu ni hili: vitenzi hivi vifundishwe katika kila somo, wala si katika kipindi cha Kiingereza peke yake, tena vifundishwe kwa sentensi, si kwa orodha ya kukariri. Nitaeleza sababu zangu, na kila msomaji apime mwenyewe.

Kwanza na tuone ugumu ulipo. Chukua neno "put", ambalo mtoto wa darasa la nne atakuambia maana yake ni kuweka. "Put on a shirt" ni kuvaa shati. "Put off a meeting" ni kuahirisha mkutano. "Put out a fire" ni kuzima moto. "Put up with noise" ni kuvumilia makelele. Kwa Kiswahili hapo pana vitenzi vinne visivyohusiana hata kidogo, wala hakuna hata kimoja chenye kuweka ndani yake. Sasa mwalimu wa kemia aseme, "Put out the burner." Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno atapata "weka nje jiko", na akitii alivyoelewa, atalibeba jiko linalowaka alipeleke nje ya maabara! Hapo si alama tu zinazopotea, huenda na vidole vikaungua.

Ugumu huu haukuanza na sisi Watanzania. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi yake mashuhuri mwaka 1755, alieleza katika dibaji yake kuwa vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowasumbua wageni kupita yote, na kwa hiyo alijitahidi kuvikusanya kwa uangalifu. Basi ikiwa mwenye lugha amekiri hivyo zaidi ya miaka 250 iliyopita, mwanafunzi wa Temeke asione haya kwamba vinamtatiza.

Jambo la pili ni kwamba vitenzi hivi havikai katika vitabu vya hadithi tu. Vimejaa katika masomo yetu yote. Katika biolojia twaambiwa mmea wenye mwanga "takes in" hewa ya kaboni dioksaidi na "gives off" oksijeni. Yaani huivuta ile na kuitoa hii. Twaambiwa vimeng'enya "break down" chakula, yaani hukivunjavunja kiwe vipande vidogo vinavyoweza kuingia katika damu. Lakini katika gazeti la Kiingereza basi likisemwa limefanya "break down", maana yake limeharibika njiani. Damu "is made up of" chembechembe na majimaji, yaani imeundwa kwa vitu hivyo. Bali mtu akisemwa "made up a story", ametunga uongo. Kemia ina "carry out an experiment", yaani kufanya jaribio, wala si kubeba jaribio nje. Hesabu ina "work out", yaani kukokotoa mpaka jibu litoke, na "round off", yaani kukadiria tarakimu. Historia inatuambia vita vya Maji Maji "broke out" mwaka 1905, maana yake vilizuka. Katika uraia twasoma kuwa Mwalimu Nyerere "stepped down" mwaka 1985. Hakushuka ngazi yo yote. Aliacha madaraka kwa hiari yake, na sisi wenyewe tuna neno moja zuri kwa jambo hilo, ndilo kung'atuka, ambalo Mwalimu mwenyewe alilitoa katika lugha yake ya Kizanaki akalieneza nchini.

Sasa nauliza: ni nani anayemfundisha mwanafunzi "gives off"? Mwalimu wa biolojia hulipita, kwa sababu kwake si neno la biolojia. Yeye ana haraka ya kumaliza silabasi, na macho yake yako kwenye oksijeni. Mwalimu wa Kiingereza naye halifikii, kwa sababu halimo katika sura anayoifundisha juma hilo. Hivyo neno hubaki katikati kama mtoto asiye na mzazi. Mwanafunzi hulikuta tena Novemba, katika karatasi ya mtihani wa taifa, wala hapo hapana wa kumwuliza.

Matokeo yake ni mabaya kuliko tunavyodhani. Mwanafunzi aweza kuwa anaijua habari yote ya mmea, na ungemwuliza kwa Kiswahili angekueleza kama mkulima hodari. Lakini kwa kuwa hakuelewa kijineno kimoja katika swali, hujibu jambo lingine. Msahihishaji hamwoni uso; huona jibu lisilohusu, akaweka sifuri. Kisha husemwa ya kwamba mtoto huyu hana akili ya sayansi. Nasema huo si uamuzi wa haki. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba wetu ni maneno haya ya herufi mbili au tatu.

Wengine hupenda kuhesabu maneno aliyonayo mwanafunzi, wakidhani kwamba akiwa na maneno elfu moja basi ameiweza lugha. Hesabu hiyo hudanganya. Mwaka 1930 Mwingereza mmoja, C. K. Ogden, alitangaza Kiingereza rahisi chenye maneno 850 tu, na kati ya hayo vitenzi vilikuwa 18. Aliwezaje kupunguza vitenzi hata vikawa 18? Kwa kuviunga na mikia! Aliondoa "enter" akatumia "go in"; aliondoa "extinguish" akatumia "put out". Orodha ikawa fupi kweli, lakini mgeni akaachiwa kazi ya kujifunza kila muungano peke yake. Maneno yalipungua katika karatasi. Maana hazikupungua kichwani.

Hapa pana jambo lifaalo kujulikana na kila mwanafunzi. Kiingereza kina akiba mbili za maneno. Moja ni ya wenyeji wa kale wa Uingereza, na nyingine iliingia kwa wingi baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi ile mwaka 1066, pamoja na maneno ya Kilatini yaliyoletwa na wasomi. Kwa hiyo jambo moja mara nyingi lina majina mawili. "Continue" ni la akiba ya Kifaransa na Kilatini. "Go on" ni la wenyeji. Vivyo hivyo "tolerate" na "put up with". Sisi hujifunza Kiingereza kitabuni, basi twayajua zaidi yale ya kisomi. Mwingereza akisema taratibu kwa maneno ya nyumbani kwao, akidhani anatusaidia, ndipo tunapopotea zaidi.

Lakini tusiwalaumu Waingereza peke yao. Mgeni akija Kinondoni kujifunza Kiswahili, nasi twamtega vivyo hivyo. Huambiwa kwamba kupiga ni kumchapa mtu kwa mkono au fimbo. Kesho yake asikia mama mwenye nyumba amepiga pasi, mtoto amepiga mswaki, baba amepiga simu, vijana wamepiga picha, wananchi wamepiga kura, na jirani apiga hodi mlangoni. Maskini mgeni! Katika mapigo yote hayo hakuumia mtu hata mmoja. Tena asikia kwamba fulani amekula kiapo na mwingine amekula hasara, wala sahani haionekani.

Zaidi ya hayo, sisi pia tuna mikia yetu, ila twaiweka ndani ya kitenzi wala hatuiachi nje. Mwingereza husema "put on" na "take off". Sisi twasema vaa na vua. Twasema funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Kwa silabi moja tu kazi yote imegeuzwa kinyume. Twasema enda, endea, endesha na endelea, na mtoto wa Manzese haulizi kwa nini kuendelea na masomo si kutembea kwa miguu. Hata neno mbali tumeligeuza likawa kama mkia wa Kiingereza. Ombi likitupiliwa mbali mahakamani, hakuna karani aliyelichukua akaenda kulitupa Kigamboni. Maana yake limekataliwa kabisa. Basi mwanafunzi anayeijua vyema sarufi ya Kiswahili ana ufunguo mkononi. Akumbuke tu ya kwamba kitenzi na mkia wake ni neno moja, kama vile tupilia mbali lilivyo neno moja, na maana yake itafutwe kwa pamoja.

Tena mikia ya Kiingereza haikutupwa ovyo. Ina utaratibu, ijapokuwa si kila mahali. Mkia "off" mara nyingi huonyesha kutengana: "cut off" ni kukata kitu kikaachana na chenzake, "take off" ni kuvua, "switch off" ni kukata umeme. Mkia "on" mara nyingi huonyesha kuendelea: "go on", "carry on", "keep on". Mkia "out" huonyesha jambo kutokea nje likajulikana, kama "find out", yaani kugundua. Mkia "up", ambao wengi hudhani ni juu tu, mara nyingi huonyesha ukamilifu: "eat up" ni kula chote, "use up" ni kutumia mpaka kiishe, "dry up" ni kukauka kabisa. Mto "unapo-dry up" maji yake hayapandi juu; yamekwisha.

Mkia huu wa "up" tayari tunao midomoni bila kujua. Gari linalopakia magodoro na meza kutoka kwa mafundi wa Keko laitwa pikapu. Chumba cha polisi cha kufungia watu chaitwa lokapu. Bibi harusi hupakwa mekapu. Vijana wa mazoezi kule ufukweni hupiga pushapu. Maneno yote manne yametoka katika vitenzi vyenye mkia. Wazee wetu hawakuyapata kwa kukariri orodha. Waliyapata yakiwa kazini, kila moja na kitu chake, wala hayakusahaulika tena. Nadhani hilo ni somo kubwa kwetu juu ya namna ya kujifunza.

Kwa kuwa hatufundishwi vizuri, twavikata mikia palipo na haja, na kuvipachika pasipo na haja. Katika Afrika Mashariki husikika sana mtu akisema "pick me at the station", naye ataka kusema "pick me up", yaani uje unichukue. Bila mkia, neno "pick" ni kuchagua au kuchuma kama embe. Kinyume chake wengi husema "cope up with", na hali Kiingereza sanifu ni "cope with" bila mkia wa "up". Tena kuna kanuni ya mahali pa kuweka kiwakilishi. Waweza kusema "put off the meeting" au "put the meeting off", lakini ukitumia "it" huna budi kuliweka katikati: "put it off". Walakini "look after", yaani kutunza, haikubali kutenganishwa: husemwa "look after it" siku zote. Mambo haya hayapatikani kwa kukisia. Lazima yaonekane katika sentensi.

Najua kuna watakaonipinga. Wa kwanza watasema dawa ni kubadili lugha ya kufundishia, tusome masomo yote kwa Kiswahili. Hoja hiyo ni nzito, wala siibezi. Tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta ilipendekeza hivyo mwaka 1982. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakaona wengi hawakiwezi kiasi cha kufuatia masomo yao. Lakini hata leo masomo ya sekondari, isipokuwa Kiswahili na machache mengine, yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Wakubwa na waendelee kujadiliana. Sisi tulio darasani sasa mtihani hautungoji mpaka wakubaliane. Tena hata siku lugha itakapobadilishwa, Kiingereza kitabaki kuwa somo, na mikia yake haitakatika.

Wa pili watasema, "Basi chukua orodha ya vitenzi mia mbili ukariri wakati wa prepo." Wengi hufanya hivyo, na juma la pili wamechanganya "give up" na "give in", "look for" na "look after". Sababu ni wazi. Katika orodha maneno yote yamefanana kama maharage katika gunia. Hakuna kitu cha kuyashika. Lakini ukijifunza "give off" pamoja na oksijeni, na "put out" pamoja na moto, na "put off" pamoja na mkutano, kila mkia utakuwa na mti wa kufungiwa.

Wa tatu watasema kwamba mwalimu wa fizikia hakuajiriwa kufundisha Kiingereza. Kweli. Lakini fundi seremala hawezi kumfunza mwanagenzi randa bila kumwambia jina la randa. Anayefundisha kwa lugha fulani hufundisha na lugha hiyo, apende asipende.

Basi yanayofaa kufanywa ni haya. Kwa waalimu wetu tunaowaheshimu, naomba jambo dogo. Kila kipindi, mwalimu wa somo lo lote aweke pembe moja ya ubao kwa vitenzi vyenye mkia vilivyomo katika somo la siku hiyo, viwili au vitatu tu, kila kimoja katika sentensi ya somo lenyewe. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Kwa mwaka mmoja mwanafunzi atakuwa ameona mamia. Vyuo vinavyofunza waalimu, mathalani kile chuo kikuu kishiriki cha elimu kilichopo Chang'ombe, vingeweza kuwazoesha walimu wa sayansi jambo hili kabla hawajaingia darasani.

Kwa wanafunzi wenzangu, nasema tuwe na daftari moja dogo la kazi hii. Tusiandike kitenzi na maana yake tu, bali tuandike sentensi nzima tuliyoikuta, jina la somo, na maana kwa Kiswahili chema. Tujifunze pia kuitumia kamusi sawasawa. Bwana A. S. Hornby alitunga kamusi kwa ajili ya wageni wanaojifunza Kiingereza. Ilitoka Japani mwaka 1942, na Oxford wakaichapa mwaka 1948. Katika kamusi za namna hiyo siku hizi, vitenzi vyenye mkia hupangwa mwishoni mwa maelezo ya kitenzi, basi usisome mstari wa kwanza ukafunga kitabu. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, nayo yafaa sana kwa kupata neno la Kiswahili. Kamusi moja yaweza kutumiwa na watu wanne wa bweni moja, wakipeana zamu. Zaidi ya yote, tuache kumcheka anayeuliza. Mtu akiuliza maana ya "carry out", darasa zima likaangua kicheko, wengine kumi wasiojua watanyamaza mpaka Novemba.

Kwa wazazi wetu, msidhani ya kwamba jambo hili ni la shule tu. Chupa ya dawa huandikwa "Keep out of reach of children", yaani iwekwe mahali watoto wasipofikia. Mashine huandikwa "Keep away", yaani usiisogelee. Fundi wa gereji na mfanyakazi wa bandarini hukutana na maneno haya kila siku, na mara nyingi wanayajua kuliko sisi kwa sababu wanayaona kazini. Tunaporudi likizo, mtupe karatasi za maelezo ya dawa na vyombo tuwasomee na kuwaeleza kwa Kiswahili. Mtajua mara moja kama karo na sare mlizogharamia zinazaa matunda, nasi tutapata mazoezi yasiyopatikana kitabuni.

Mwisho nasema hivi. Mwanafunzi asiyejua "gives off" hakukosa akili, amekosa kuelezwa. Kumweleza ni kazi ya dakika chache, lakini kutomweleza kwaweza kumfungia mlango wa uganga, uhandisi au ualimu maisha yake yote. Kama shule yetu itaanza na ile pembe ya ubao muhula ujao, nina hakika waalimu wataona tofauti kabla ya mwaka kwisha. Haba na haba hujaza kibaba.